Kurudi Mwanzo Mara Mia: Michezo Migumu ya Mdundo, Ubongo na Afya ya Mchezaji

Mtoto anayetaka kuingia katika kamba inayozungushwa na wenzake wawili haingii papo hapo. Husimama kando, akauyumbisha mwili mbele na nyuma, akaisikiliza kamba inavyopiga ardhi, ndipo akajitosa. Akiingia kwa kuitazama tu, kamba humpiga miguuni. Akiingia kwa kulifuata pigo lake, huweza kuruka mara hamsini bila kuguswa. Uwezo huo wa kulijua pigo kabla halijafika ndio unaotumiwa na aina moja ya michezo ya simu na kompyuta iliyowavuta vijana wengi, nayo ni michezo ya kuruka vikwazo kwa kufuata mdundo wa muziki. Sifa yake kuu ni ugumu, na ugumu huo ndio unaoileta michezo hii katika vyumba vya tabibu. Mzazi hulalamika kwamba mwanawe anarudia kitu kilekile, anashindwa, anakasirika, kisha anarudia tena hadi usiku wa manane, na huuliza kama huo si ugonjwa.

Swali hilo ni la haki, lakini haliwezi kujibiwa na mhudumu wa afya asiyejua mchezo wenyewe ukoje.

Mchezo ulivyo

Mfano mashuhuri ni Geometry Dash, uliobuniwa na Robert Topala wa Sweden na kutolewa mwaka 2013 kwa ajili ya simu za mkononi. Kanuni zake huelezeka kwa pumzi moja. Mchemraba mdogo husafiri wenyewe kutoka kushoto kwenda kulia, kwa mwendo ambao mchezaji hana uwezo wa kuupunguza. Kioo kikiguswa, mchemraba huruka. Ukigusa mwiba au kugonga ukuta, hupasuka, na safari huanza upya kutoka mwanzo kabisa. Hatua ya kwanza, iitwayo Stereo Madness, huchukua takriban dakika moja na nusu kwa anayeifikisha mwisho, lakini anayeanza anaweza kuhangaika nayo jioni nzima. Kioo humwonyesha mambo mawili: namba ya jaribio alilomo, na asilimia ya njia aliyofikia. Katika hatua ngumu zaidi, wako wachezaji ambao namba ya majaribio yao hupita 10,000 kabla hawajafaulu mara moja.

Geometry Dash haukuwa wa kwanza. The Impossible Game wa mwaka 2009 ulikwisha kutumia umbo la mraba, miiba na muziki, na Bit.Trip Runner wa mwaka 2010 ulimfanya mkimbiaji azidi kuukamilisha wimbo kwa kila kikwazo anachokivuka. Kilichoupa Geometry Dash maisha marefu ni kwamba wachezaji wenyewe waliruhusiwa kutunga hatua na kuwapa wenzao wazicheze. Hatua hizo sasa ni mamilioni, na zile ngumu kupita zote huwekwa katika daraja linaloitwa Demon, yaani pepo. Jina hilo la mzaha litarejewa hapo mbele, kwa sababu lina uzito wake katika kazi ya tiba.

Jambo moja katika kanuni hizo ni la msingi kwa yote yanayofuata: bahati haimo. Mwiba uliomuua mchezaji jana upo mahali palepale leo, na wimbo hulia vilevile. Mchezaji akishindwa, hana wa kumlaumu ila kidole chake. Akifaulu, ameshinda kweli.

Kwa nini macho hayatoshi

Mtu mzima mwenye afya, akiambiwa abonyeze kitufe mara aonapo taa ikiwaka, huhitaji takriban milisekunde 200 hadi 250. Akiambiwa abonyeze asikiapo mlio, huwahi kwa makumi kadhaa ya milisekunde, kwa kuwa njia ya sauti hadi kwenye ubongo ni ya haraka kuliko njia ya mwanga. Simu ya kawaida huonyesha picha 60 kwa sekunde, hivyo kila picha hukaa takriban milisekunde 17. Katika hatua ngumu, mguso hutakiwa uangukie ndani ya picha moja au mbili tu, na vikwazo vitatu au vinne huweza kufuatana ndani ya sekunde moja. Mwiba huonekana mapema, hilo ni kweli, lakini muda wa kuamua juu ya kila mwiba peke yake haupo. Anayesubiri kuona ndipo aguse amekwisha kuchelewa.

Hapo ndipo muziki unapoacha kuwa pambo na kuwa chombo cha kazi. Watafiti wa mdundo wanalijua jambo moja la ajabu kidogo: mtu akiombwa agonge meza kwa kidole sambamba na mlio unaojirudia, kwa kawaida kidole chake hutua kabla ya mlio, si baada yake, kwa makumi ya milisekunde, na mwenyewe huamini kwamba amegonga sawasawa. Ubongo hautembei nyuma ya pigo, hutangulia kulipokea. Picha za ubongo zimeonyesha pia kwamba mtu anaposikiliza mdundo huku ametulia tuli, sehemu zinazoshughulika na mwendo huamka: maeneo ya gamba la ubongo yanayopanga mwendo, ubongo mdogo ulio kisogoni, na viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo viitwavyo ganglia za msingi. Kwa ubongo, kusikia mdundo tayari ni nusu ya kuucheza.

Wahudumu wa afya huliona jambo hilohilo kwa sura nyingine kwa wagonjwa wa Parkinson. Ugonjwa huo hudhoofisha kazi ya ganglia za msingi, na mgonjwa huburuta miguu au kuganda mlangoni. Akipigiwa mlio wa kawaida wa kufuata, mara nyingi hatua zake hunyooka. Michael Thaut na wenzake walichapisha mwaka 1996 utafiti ambamo wagonjwa wa Parkinson walifanya mazoezi ya kutembea kwa mdundo kwa wiki tatu, na kasi yao ya kutembea ikaongezeka. Hii haina maana kwamba mchezo wa mchemraba ni dawa ya Parkinson, na mgonjwa asiuziwe wazo hilo. Maana yake ni kwamba mlango unaogongwa na mchezo huu umo katika ubongo wa kila mtu, na tiba ya viungo imekuwa ikiupitia kwa miaka mingi.

Ladha ya kukosa kidogo

Yapo maelezo mepesi yanayozunguka kila mahali kwamba michezo hii humwaga dopamini katika ubongo na kwa hiyo ni sawa na dawa za kulevya. Maelezo hayo yana kipande cha ukweli na vipande kadhaa vya chumvi. Mwaka 1998 watafiti jijini London, wakiongozwa na Matthias Koepp, walipima ubongo wa wanaume 8 waliokuwa wakicheza mchezo wa kuendesha kifaru kwa ahadi ya fedha. Walikuta dalili za kutolewa kwa dopamini, na waliocheza vizuri zaidi walionyesha dalili kubwa zaidi. Utafiti wa watu 8 ni mdogo. Isitoshe, dopamini hutolewa pia mtu anapokula akiwa na njaa au anapokutana na ampendaye. Kazi yake mojawapo ni kuuarifu ubongo kwamba matokeo yamekuwa mazuri kuliko ilivyotarajiwa, ili tendo lililoyaleta likumbukwe. Bila dopamini, hata kujifunza kufunga mshono kungekuwa kazi ngumu.

Lenye uzito zaidi ni jinsi mchezaji anavyouonja mkosi. Luke Clark na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2009 uliotumia mashine ya kamari, waligundua kwamba kukosa kidogo tu huwaudhi watu kuliko kukosa kabisa, lakini huwaongezea hamu ya kucheza tena, hasa pale wanapohisi kwamba uchaguzi ulikuwa mikononi mwao. Anayekufa katika asilimia 94 ya Geometry Dash yumo katika hali hiyohiyo. Lakini tofauti iliyopo isipuuzwe. Katika kamari, kukosa kidogo hakuna maana yoyote. Mashine haikumbuki, na jaribio lijalo halina nafuu kuliko lililopita. Katika mchezo wa mdundo, asilimia 94 ni habari ya kweli: mikono imekwisha kuijua njia hadi pale. Kumwambia kijana kwamba anacheza kamari, hali anajua fika kwamba sivyo, ni njia ya haraka ya kuupoteza usikivu wake.

Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi aliieleza hali ya mtu kuzama katika kazi inayolingana na uwezo wake, kiasi cha kujisahau na kusahau saa. Kazi ikiwa nyepesi, huchosha. Ikiwa nzito mno, hutia hofu. Michezo ya mdundo hukaa kwenye ukingo huo kwa hila moja rahisi, yaani kifo kisicho na gharama. Baada ya mchemraba kupasuka, jaribio jipya huanza kwa takriban sekunde moja, na wimbo huanza tena. Hakuna nafasi ya kuweka simu chini. Mtaalamu wa afya angefanya vyema kuitazama sekunde hiyo moja kuliko kuutazama ugumu wenyewe, kwani ndiyo inayoligeuza jaribio moja kuwa mia mbili.

Kuna na kinyume chake. Mchezaji akivuka asilimia 90 kwa mara ya kwanza, mapigo ya moyo hupanda, kiganja hutoka jasho, na mawazo huhamia kwenye kidole ambacho hadi hapo kilikuwa kikifanya kazi bila kusimamiwa. Ujuzi uliozoeleka huvurugika pale unapoanza kukaguliwa kipande kwa kipande. Mpiga penalti anaijua hali hiyo, na mkunga mwanafunzi anayetazamwa na mwalimu wake anaijua pia.

Usingizi ni sehemu ya mazoezi

Mchezo wa Geometry Dash una hali ya mazoezi ambamo mchezaji huweka alama njiani ili akifa arudi pale, si mwanzo. Kwa kawaida wimbo wa hatua haupigwi humo. Hupigwa wimbo mwingine. Mchezaji hujifunza vipande, kisha huenda kuvishona pamoja juu ya wimbo wenyewe. Ndivyo mpiga ala anavyojifunza kipande kigumu cha muziki, na ndivyo mgonjwa aliyepata kiharusi anavyofundishwa tena kufunga kifungo cha shati.

Lakini kazi hiyo haiishii kwenye kioo. Matthew Walker na wenzake walichapisha mwaka 2002 utafiti ambamo watu walijifunza kubonyeza vitufe kwa vidole kwa mfuatano maalumu. Waliolala usiku kucha waliamka wakiwa na kasi iliyoongezeka kwa takriban asilimia 20 bila kufanya zoezi jingine lolote na bila kuongeza makosa. Waliokaa macho kwa saa zilezile hawakupata faida ya maana. Kidole kinachogonga kwa mfuatano ndicho kiini cha mchezo huu, kwa hiyo somo hapa ni la moja kwa moja. Kijana anayekesha hadi saa nane za usiku akitafuta asilimia sita zilizobaki anajinyima kile hasa ambacho kingempatia hizo asilimia sita. Hoja hii ina nguvu kliniki kuliko karipio, kwa sababu inazungumza na nia yake badala ya kuipinga.

Ni lini mchezo huwa ugonjwa

Shirika la Afya Duniani liliutambua ugonjwa wa michezo ya kielektroniki katika uainishaji wake wa magonjwa, ICD-11, ulioidhinishwa mwezi Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Msimbo wake ni 6C51. Vigezo ni vitatu: mtu kushindwa kuudhibiti mchezo, yaani lini aanze, kwa muda gani na lini aache, mchezo kupewa kipaumbele hadi kuyafunika mambo mengine ya maisha, na kuendelea au kuzidisha licha ya madhara yaliyo wazi. Hali hiyo kwa kawaida iwe imedumu miezi 12, ingawa muda unaweza kufupishwa dalili zikiwa kali, nayo iwe imeharibu masomo, kazi, familia au afya.

Katika vigezo hivyo hakuna idadi ya saa wala ya majaribio. Majaribio 10,000 ya hatua moja, yaliyosambazwa katika miezi sita na kijana anayelala, anayesoma na anayekula na wenzake, si ugonjwa. Majaribio 300 kwa siku ya kijana aliyeacha kwenda shule yanahitaji kuchunguzwa. Na mara nyingi uchunguzi huo hukuta kwamba mchezo haukuwa chanzo. Kijana mwenye sonona, au anayeonewa shuleni, au anayeishi katika nyumba isiyo na amani, huukimbilia mchezo kwa sababu humo makosa husahaulika baada ya sekunde moja. Kumnyang'anya simu bila kuuliza anakimbia nini ni kumfungia kimbilio huku moto ukiendelea kuwaka.

Maswali yanayofaa kuulizwa ni ya kawaida kabisa. Je, anaweza kuacha baada ya kushindwa, au mpaka ashinde? Alilala saa ngapi jana? Ni jambo gani alilokuwa akilipenda mwaka jana ambalo halifanyi tena? La mwisho huzaa matunda kuliko mengine, na liulizwe mzazi akiwa nje.

Kidole na sikio

Madhara ya mwili hayaelezwi sana, ilhali ndiyo yanayotibika kwa urahisi. Kugusa kioo kwa kidole gumba maelfu ya mara huweza kuvimbisha ala ya kano za kidole hicho upande wa kifundo cha mkono, hali iitwayo ugonjwa wa De Quervain. Maumivu huongezeka mgonjwa anapokunja kidole gumba ndani ya ngumi na kuuinamisha mkono kuelekea kidole cha mwisho. Mapumziko, banzi na dawa za maumivu huwatosha wengi. Hata hivyo, maumivu yasichukuliwe kuwa king'ora cha kutegemewa. Mwaka 2015 madaktari nchini Marekani waliripoti habari za mwanamume wa miaka 29 aliyekatika kano ya kidole gumba baada ya kucheza mchezo wa simu mchana kutwa kwa wiki sita hadi nane, na wakati wa kucheza hakuhisi maumivu. Walijiuliza kama kuzama katika mchezo kunaweza kuyazima maumivu ambayo yangemwonya.

Kwa kuwa muziki ndio dira ya mchezo, wengi huvaa spika za masikioni na kupandisha sauti. Kipimo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni desibeli 80 kwa saa zisizozidi 40 kwa wiki. Sauti ikifika desibeli 90, muda salama hushuka hadi saa 4 tu kwa wiki.

Mwanga unaometameta

Hatari iliyo adimu kuliko zote hizo, na iliyo ya haraka kuliko zote, ni ya kifafa. Tarehe 16 Desemba 1997 katuni ya Pokémon iliyoonyeshwa kwenye televisheni nchini Japani ilikuwa na sekunde chache za mwanga mwekundu na wa buluu uliopishana kwa kasi, na watu 685, wengi wao watoto, walipelekwa hospitalini. Si wote waliokuwa na kifafa, lakini baadhi yao walipata mtukutiko kwa mara ya kwanza siku hiyo. Tangu hapo kanuni inayofuatwa na watangazaji wengi ni kwamba mimuliko isizidi mitatu kwa sekunde. Hatua za michezo zinazotungwa na wachezaji wenyewe hazipiti mikononi mwa mtangazaji yeyote, na watungaji hupenda kulimulika pambo zima la kioo kwa kila pigo la ngoma.

Takriban watu 3 kati ya 100 wenye kifafa huchochewa na mwanga wa namna hiyo, na hali hiyo huonekana zaidi kwa watoto na vijana, ambao ndio wachezaji. Hatari huongezeka kwa kukosa usingizi, kucheza gizani na kukiweka kioo karibu na uso. Usiku wa manane, chini ya shuka, mambo hayo matatu hukutana.

Hapa ndipo lile neno la mzaha linaporudi. Mtoto aliyeanguka huku akitetemeka baada ya kusema kwamba alikuwa akipambana na pepo anaweza kupelekwa kwingine kabla ya kupelekwa hospitalini, na siku zikapotea. Mhudumu anayesikia habari hiyo na aulize jina la mchezo na hatua, na kama mtoto alianza kwa kushtuka mikono au kupepesa macho kabla hajaanguka. Asimruhusu acheze kliniki ili kuonyesha ilivyokuwa. Kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, huwa na sehemu ya kumulika taa kwa kasi mbalimbali chini ya usimamizi, na hapo ndipo mahali salama pa kulijaribu jambo hilo.

Nyumbani, mtoto anayehisi kizunguzungu au kushtuka mikono anapotazama kioo afundishwe kufunika jicho moja kwa kiganja na kugeuza uso. Kufumba macho yote mawili hakutoshi, kwa sababu mwanga hupenya kope na kufumba kwenyewe huongeza mmuliko. Akianguka, alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu naye, wala asitiwe chochote kinywani. Mtukutiko ukizidi dakika tano apelekwe hospitalini mara moja. Anayemsaidia hana sababu ya kuogopa mate yake, kwani kifafa hakiambukizi.

Majibu ya EEG yakionyesha kwamba mwanga ndio mchochezi, mtoto huhitaji ushauri wa daktari kuhusu dawa na kuhusu hatua za kuepukwa. Hatua zenye mandhari tulivu zipo, na hali ya kupunguza madoido ya mchezo husaidia. Yakionyesha kwamba kifafa chake hakichochewi na mwanga, kama ilivyo kwa walio wengi, hakuna sababu ya kitabibu ya kumnyima mchezo anaoucheza na wenzake, ilimradi anywe dawa zake kwa saa na alale mapema.